Mashini ya Kukimbia Nayo

Jumatatu, 4 Februari 2002

Papa amenyoa ndevu tena na tena leo. Si kwa unadhifu. Ni kwa sababu ya paa.

Nieleze. Papa yangu, Marcellin, anachora mipango ya nyumba. Ana kompyuta ya kubeba aliyoachiwa na Mbelgiji mmoja aliyekuwa anafunga virago. Sisi nyumbani tunaiita Mashini tu. Pentium ya kwanza kabisa. Papa akiiambia imwonyeshe paa la jengo zima, Mashini inafikiri. Inafikiri sana. Papa anainuka, anachukua wembe, ananyoa, anapangusa uso, anarudi: paa limefika nusu. Leo kidevu chake kinawaka kama kimepakwa pilipili, na paa bado.

Na si paa la bar ya mtu. Ni la shule ya msingi ya Mutakura, ile iliyobaki kuta tupu. Kuna shirika la wazungu linataka kuijenga upya. Mipango ipelekwe Ijumaa ya wiki kesho, tarehe 15, na iwe ya kompyuta, penseli hawataki kuiona. Mchoraji watakayemchukua atachora na shule zingine zote. Wakimchukua Papa, tutatoka katika hiki chumba kimoja na nusu hapa Cibitoke, ambamo mimi nalala chini ya meza ya kuchorea, kichwa upande wa sufuria. Wasipomchukua, amesema atarudi Uvira, kwetu, ng'ambo ya mpaka, kuwe na vita kusiwe na vita. Hilo la Uvira alilisema polepole. Mama akaacha kuchambua maharage.

Kwa hiyo nyumbani kuna swali moja tu: anunue mashini nyingine sasa, au asubiri prosesa mpya, yaani ubongo wenye kasi zaidi? Mjini, dukani kwa Léonce, kuna Pentium 3 ya kubeba. Ilikuwa ya injinia wa Bruxelles, ina nguvu za kazi ya kuchora. Lakini watu wanasema Pentium 4 za kubeba ziko karibu kutoka.

Na mimi? Papa ameahidi kwamba siku akinunua nyingine, hii ya zamani ni yangu. Mimi, Moïse! Miaka kumi na sita, mwenye aibu kiasi kwamba nikiitwa darasani namgeukia jirani yangu kana kwamba ndiye ameitwa. Nikiwa na mashini yangu sitahitaji kuongea na mtu mpaka nizeeke. Basi kwangu swali limeshajibiwa. Anunue sasa. Kesho asubuhi ikiwezekana.

Tatizo ni Fabiola. Binti wa baba mkubwa, anakaa kwetu, anasomea usekretari. Naye anaitaka Mashini. Anasema vidole vyake vinajua kazi. Vyangu, anasema, vinajua pua.

(Naandika haya kwa Kiswahili. Shule ya sasa ni Kifaransa tupu, lakini madarasa ya kwanza nilisoma Uvira kwa Kiswahili, na mambo ya aibu yananitoka vizuri zaidi katika lugha niliyofundishwa nayo kushika kalamu.)

Jumanne, 5 Februari

Rénovat alikuja, yule ninayemwita Tonton, yaani mjomba, ingawa si ndugu. Mchoraji kama Papa, ana ofisi Nyakabiga yenye kibao na pazia mlangoni. Wao wawili wanaitana konfreri, yaani wenzi wa kazi moja, na kila mmoja akicheka mwenzake anamhesabia meno. Naye anaiwania shule ya Mutakura.

Alikunywa chai yetu yote. Akamshauri Papa asifanye haraka. Anayenunua 3 leo, akasema, atalia 4 zikifika. Papa akamuuliza yeye mwenyewe anatumia mashini gani siku hizi. Rénovat akasema ah, anajipanga. Akaangalia saa.

Mtego! Anataka Papa afike tarehe 15 na nusu paa. Niliuona wazi kabisa. Nilikusanya nguvu zote ili niseme. Nikasema: "Tonton, sukari?"

Papa ameamua kusubiri 4.

Mama hajali 3 wala 4. Anachotaka kujua ni uzito. Pembeni mwa mlango wetu kuna mfuko wa mbio. Ni mkubwa, wa turubai, na ndani mna karatasi zetu za ukimbizi, nguo za kubadili, unga wa muhogo, chumvi, biskuti. Risasi zikikaribia, Mama anaunyakua na sote tunafuata mpaka parokia. Meza ya kwanza ya Papa ilibaki Uvira. Kompyuta yake kubwa, ile yenye kioo kama televisheni, ilibaki Kinama, tulikokaa kabla ya hapa. Tuliporudi tulikuta waya mmoja, na alama ya mraba kwenye vumbi pale ilipokuwa imekaa. Tangu siku hiyo Mama ana sheria yake: kisichoingia mfukoni hakiingii nyumbani. Mashini anaipima kwa mkono, kama anavyopima muhogo sokoni.

Jumatano, 6 Februari

Mpango! Nimeupata nikiwa kwenye hesabu, mwalimu akidhani namsikiliza. Papa anasubiri kwa sababu Mashini bado inakokota. Isipokokota, hatasubiri. Atakwenda kwa Léonce mwenyewe, kwa miguu yake.

Baada ya shule nilipita cyber, nikachukua samaki. Ni picha zinazoogelea kwenye kioo mashini ikipumzika. Wanapendeza, na wanakula nguvu vibaya sana. Nikawaweka kwenye disketi. Papa alikuwa kwa seremala, kwa hiyo nikawaingiza ndani ya Mashini bila shida. Halafu nikatafuta kitu cha kuijaza tumbo. Nikakuta mpango wa choo aliouchora Papa mwaka jana kwa ajili ya bar moja ya jirani. Nikaunakili, mara ya kwanza kwenye disketi, kwa majaribio. Nikanakili nakala. Nikanakili nakala za nakala, mpaka Mashini ikaandika kwa Kifaransa kwamba haina nafasi tena.

Fabiola akaingia. Akauliza nafanya nini. Nikasema kazi ya shule. Akainama kwenye kioo, akauliza ni somo gani lenye vyoo vingi hivyo. Nikasema jiografia.

Ijumaa, 8 Februari

Imefaulu. Imefaulu kupita kiasi.

Jana, kwa paa moja, Papa alinyoa, akaoga, akaenda kununua makaa, akarudi. Leo paa halikuja kabisa. Nilingoja akasirike. Ningependa sana angekasirika. Alifunga Mashini taratibu kama anayemfunika mgonjwa, akachukua rula yake kubwa ya T, ile aliyotoka nayo Uvira, akaifuta kwa shati, akaanza kuchora kwa penseli. Nikamkumbusha kwa sauti ndogo kwamba ya penseli hawaitaki. Akasema anajua. Akaendelea.

Jina la Léonce hakulitaja. Alisema tu kwamba labda kompyuta ni kazi ya vijana, na kwamba Uvira bado wapo watu wanaojenga kwa penseli. Chakula hakikupita kooni mwangu. (Kilipita baadaye. Kulikuwa na ndagala, dagaa wa kwetu.)

Na kabla ya chakula, Mama aliwaona samaki. Alikuwa anafagia. Mashini ilikuwa imewashwa tena, iko peke yake, hakuna mkono juu yake. Samaki wa njano akapita. Akageuka. Mama anaapa kwamba alimwangalia. Akaita Fabiola. Fabiola, aliyezaliwa kando ya Ziwa, akachungulia na kuthibitisha kwamba huyo si mukeke wala si ndagala, na kwamba yeye samaki wa namna hiyo hajawahi kumwona sokoni.

Mama akaweka ufagio chini. Akasema sasa ameelewa kwa nini kazi ya mume wake haiendi. Kesho anakuja na chumba cha maombi, kile kikundi chake cha kuombea watu.

Jumamosi, 9 Februari

Sikulala vizuri. Anayeongoza chumba cha maombi ni Mama Mwavita, na Mama Mwavita ana karama ya kutaja mkosaji kwa jina mbele ya watu. Mwaka jana alimtaja aliyekuwa anaiba masahani ya kanisa. Alikuwa mume wake.

Kwa hiyo, Mama alipotoka kwenda kuwaita, nilifuta kila kitu. Samaki. Vyoo vyote. Nikawa na hofu hata ya vitu nisivyoweka mimi, nikafuta na takataka za yule Mbelgiji: picha za likizo, michezo ya karata, sauti ya mbwa ambayo hakuna aliyejua inatoka wapi. Mashini ikabaki tupu na safi kama siku ilipozaliwa. Mimi nikabaki na jasho.

Wakafika. Wakaiweka Mashini juu ya kigoda, wakaifunika kitenge cha kanisa, wakaiwekea mikono. Mama Mwavita aliiamuru roho ya maji itoke, irudi ziwani, isiguse waya hata mmoja. Aliimba, akanyamaza, akafumbua jicho moja. Jicho likanikuta mimi.

"Angalieni huyu mutoto," akasema. "Analilia kazi ya baba yake."

Ni kweli nilikuwa nalia. Lakini sababu!

Papa akawasha. Akaomba paa la darasa la kwanza. Akapaka sabuni kidevuni, kwa mazoea. Paa likafika kabla sabuni haijakauka. Kelele zilizopigwa zilileta majirani wa njia nzima, na mmoja akaja na redio yake iliyokufa, akaiweka kwenye foleni.

Jumapili, 10 Februari

Papa ametoa ushuhuda kanisani. Papa, ambaye kwa kawaida anakaa nyuma kabisa karibu na mlango! Alieleza paa, samaki, wembe, sabuni. Watu walishangilia. Akamaliza kwa kusema kwamba mashini iliyoponywa na Mungu haibadilishwi hovyo. Atasubiri Pentium 4 kwa amani. Hata 5, ikibidi.

Nilikaa kwenye benchi nikihisi masikio yanaungua. Nikajiambia: Moïse, simama, sema ukweli. Nikasimama. Nilisimama kweli. Mchungaji akauliza kama nina ushuhuda. Kanisa zima likageuka.

Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Jumatatu, 11 Februari

Muujiza una mwisho wake. Paa la darasa moja, sawa. Leo Papa ameunganisha madarasa yote sita na ofisi ya mkurugenzi, na Mashini imerudi kule kule: wembe, taulo, makaa. Papa anasema imani yake inajaribiwa. Mama anasema kidevu chake ndicho kinachojaribiwa. Siku zinakwisha. Mchana nilimsikia Papa akimuuliza Mama kama ile nyumba ya dada yake Uvira ina nafasi.

Ikabidi niende kwa Léonce. Mimi. Kuongea na mtu.

Njiani nilijifunza sentensi ya Kifaransa, nzuri, yenye heshima, ya kuomba mashini ijaribiwe nyumbani. Niliirudia mpaka soko kuu. Nikaingia dukani. Léonce ni kijana wa mjini, kijiti cha meno mdomoni, kila mtu kwake ni mkubwa. Akaniuliza, "Mukubwa, unatafuta nini?" Sentensi yangu ikakimbia. Nikaonyesha Pentium 3 kwa kidole na kusema: "Papa." Léonce akangoja. Nikaongeza: "Paa."

Sijui alielewa nini, lakini alikuja. Jioni hii hii, na mashini kwapani. Papa hakutaka hata kuigusa, kwa ajili ya ushuhuda. Halafu akaigusa. Paa la shule nzima likaja kabla hajainua kidole. Akalifuta. Akaliita tena. Likaja. Alifanya hivyo kama mtu anayefungua na kufunga bomba siku maji yaliporudi. Mama akaitumbukiza katika mfuko wa mbio, akaunyanyua, akaitoa, akasema inapita.

Léonce ameiacha mpaka Ijumaa, ijaribiwe. Irudi kama ilivyokuja, amesema, na kama hairudi hivyo, ni yenu.

Papa alihamisha mpango wote wa shule kutoka Mashini kwenda Pentium 3. Nikafurahi. Haikudumu. Alipoondoka Léonce, Papa alimwambia Mama kwa sauti ya chini, akitabasamu, kwamba ataimalizia kazi humo, Ijumaa atairudisha na kushukuru, kisha atasubiri 4. Hivyo ndivyo baba yangu alivyo mjanja. Nami naambiwa nimefanana na upande wa Mama.

Mashini ya zamani imewekwa chini ya meza, karibu na mto wangu. Nimeifuta vumbi. Nimeiambia kwamba mambo hayajaisha.

Jumatano, 13 Februari

Tumesharudi nyumbani, wote wazima. Lakini ngoja.

Alasiri risasi zilianza upande wa milimani. Mwanzo mbali, na hapa kila mtu anajua mbali ikoje: Mama aliendelea kumenya, Papa aliendelea kuchora, mimi nikawa dirishani. Halafu zikawa si mbali. Papa alikuwa ametoka uani. Mama akasema jina langu na la Fabiola, mara moja tu kila jina, na mfuko ulikuwa tayari begani.

Sikuangalia meza. Hiyo ndiyo aibu yangu, na naiandika ilivyo. Mpango wa shule, kazi ya Papa, kutorudishwa kwetu Uvira, vyote vilikuwa ndani ya mashini ya Léonce. Mkono wangu ulikwenda chini ya meza, karibu na mto. Nikabeba ile itakayokuwa yangu. Nikakimbia.

Uwanja wa parokia ulijaa. Ilikuwa Jumatano ya Majivu. Wakatoliki walikuwa na majivu kwenye paji la uso, sisi wengine vumbi tu. Mama aliweka mfuko chini akaenda kwenye foleni ya maji. Papa akatukuta, akatugusa vichwa kama anayehakikisha. Halafu akaona nilichobeba. Aliangalia tu upande wa nyumbani.

Nilikaa juu ya mfuko, nikalia. Ulikuwa mgumu kuliko siku zingine. Nikajisogeza kushoto, nikajisogeza kulia, nikapata mahali pazuri. Chini yangu kitu kikalia kaa! Biskuti, nikawaza, na nikalia zaidi, maana sasa na biskuti nimeharibu.

Mwisho nikamwambia Papa. Kwamba niliibeba hii kwa sababu nilitaka iwe yangu, na ile nyingine sikuikumbuka hata kidogo. Kuhusu samaki sikumwambia. Mtu anakiri kulingana na nguvu zake.

Papa akafungua kifungo cha shati. Ndani, kutoka kiunoni mpaka kwenye kola, palikuwa na rula ya T.

"Mi pia nilibeba yangu," akasema. Aliinyakua nyuma ya mlango, hata mezani hakuangalia.

Nusura tucheke. Lakini akakumbuka, uso ukamwanguka tena, na pale pale, mbele ya watu wenye majivu na wasio na majivu, akaweka nadhiri: mashini ya Léonce ikipatikana, hii niliyokumbatia itakwenda kutumika katika chumba cha maombi. Fabiola, ambaye juzi wamemfanya sekretari wa chumba cha maombi, alisema Amina kabla Papa hajafunga mdomo.

Ndipo Mama akarudi na maji. Akauliza nani amekufa. Papa akaeleza. Mama akatuangalia mmoja mmoja, kwa ule uchovu wake.

"Mulizani mi naacha kitu ya wenyewe juu ya meza?"

Aliitia mfukoni mara tu Papa alipotoka uani, wakati mimi nilikuwa dirishani nikisikiliza kwa makini. Akaniinua, akafungua. Nguo. Unga. Biskuti, zote nzima. Kitenge. Na ndani ya kitenge, Pentium 3, kifuniko kimepinda kama chapati.

Papa akaiwasha. Ikaunguruma vizuri. Kioo kilikuwa cheusi, na ufa mmoja mrefu uliopita katikati.

Mama akauliza nani alikalia mfuko. Jibu halikuhitajika. Nilikuwa na unga wa muhogo nyuma ya kaptula.

Alhamisi, 14 Februari

Kwa hiyo Papa ameamua. Amenunua sasa. Si mimi niliyemshawishi, ila naweza kusema nilichangia kwa uzito wangu wote.

Léonce alipiga mluzi alipoiona. Akasema prosesa ni nzima, kazi yote imo, ila haionekani. Dawa ni kuifunga waya na kioo kikubwa cha mezani. Yeye hana. Papa akasema hajui nani anacho. Mama akasema anajua vizuri sana nani anacho. Papa akasema kwa Rénovat haendi, heri Uvira. Mama akanitazama mimi.

Nyakabiga, basi. Nikabisha. Rénovat alitoa kichwa tu kwenye pazia, akaniambia ana kazi nyingi. Nikapiga chafya, pazia likafunguka, nikaona ndani.

Kioo kikubwa kipo. Kimefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake chombo cha maua ya plastiki. Kompyuta yenyewe imejaa vumbi. Na mezani, kwa penseli, shule ya Mutakura, nusu yake, imechorwa vizuri mpaka nikasahau kuwa na aibu. Milango yote ya madarasa inafungukia nje. Nikauliza kwa nini. Akasema watoto wakikimbia wote pamoja, mlango wa kufungukia ndani hauwaachii nafasi. Alisema hivyo akiangalia penseli.

Kisha akakaa. Hakununua Pentium 2, akasema, kwa sababu 3 ilikuwa inakuja. Hakununua 3 kwa sababu ya 4. Ile yake ya zamani ilikufa akiwa anasubiri. Ushauri aliompa Papa haukuwa mtego. Ndiyo dini yake. Akaniomba nisimwambie mtu.

Nikamwambia sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia mtu mzima: "Tonton, njoo na kioo, na penseli, na wewe mwenyewe, Papa anakungoja."

Papa hakuwa anamngoja. Lakini Rénovat alivaa koti. Kioo tulikifunga nyuma ya baiskeli ya kukodi, tukakisukuma mpaka Cibitoke, yeye amebeba maua kwa sababu aliogopa kuyaacha. Papa akafungua mlango. Akasema konfreri. Mwenzake akasema konfreri. Wakafunga waya.

Shule ikatokea kwenye kioo, nzima, na paa lake. Rénovat akalisifu paa. Papa akauliza kuhusu milango. Waligeuza yote, mmoja baada ya mwingine, wakibishana kama wanaume wawili wanaochinja mbuzi mmoja. Saa ya couvre-feu, ile ya kutotoka nje usiku, ikapita, Rénovat akalazimika kulala kwetu. Chini ya meza, pamoja nami. Anakoroma kwa Kirundi.

Jumanne, 19 Februari

Wamechukuliwa! Wote wawili, majina mawili kwenye mpango mmoja. Papa ameagizwa aanze na shule nyingine mara moja. Habari ya Uvira imekwisha. Mama alisikia, akasema vizuri, akatoka nje akakaa muda mrefu akisuuza sufuria iliyokuwa safi.

Sasa hesabu yangu. Tulitafuta mashini ya kukimbia nayo. Tumepata mashini iliyofungwa kwenye kioo kizito kama mbuzi. Hakiingii mfukoni, kwa hiyo Mama hakitaki nyumbani. Pentium 3 na kioo vimehamia kwa Rénovat, Nyakabiga, na Papa anakwenda huko kila asubuhi, ndevu zake zimeanza kuota. Mashini ya zamani iko chumba cha maombi. Fabiola anaandikia nyimbo humo. Ile redio ya jirani bado iko kwenye foleni.

Mimi nimepewa na Rénovat, kwa shukrani, maua ya plastiki.

Jumapili, 24 Februari

Nimetulia. Nimefikiri sana juu ya uongo, tamaa na kuharibu vitu vya watu. Nimekuwa mtu mwingine.

Baada ya ibada nilikutana na Léonce. Akaniambia, mkubwa, Pentium 4 za kubeba, baada ya Pasaka. Kioo kipana. Nyepesi. Inaingia kwenye mfuko wowote.

Nikaenda mbio Nyakabiga kuwapa habari. Papa na Rénovat hawakuinua hata kichwa. Wamesema hawana shida, 3 inakwenda vizuri, wao watasubiri 5.

Inakwenda vizuri. Hilo ndilo tatizo lenyewe. Isingekwenda vizuri, wangenunua 4. Wakinunua 4, ile 3 yenye kioo cheusi nani ataitaka? Fabiola hapana. Mungu sidhani. Anabaki mtu mmoja tu, mwenye subira, anayelala peke yake chini ya meza.

Samaki sitarudia. Mimi si mjinga. Safari hii ni ndege, nimewaona cyber, wekundu, wanaruka polepole. Na ile disketi sikuitupa. Nimeiangalia leo mchana: umebaki mpango mmoja wa choo.

Unatosha kuanzia.